Anayenimalizia Maneno Darasani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama nafasi ya ukurasa wako ni finyu kata unavyotaka lakini unijibu kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa baada ya mapumziko nitasimama ofisini kwa mwalimu mkuu mbele ya baba wa mwanafunzi wangu na nitaulizwa jambo moja tu, mtoto arudi darasani au asirudi, na mpaka sasa nikijaribu kufungua mdomo sijui kitatoka nini.

Mimi ni mwalimu wa darasa la sita, nafundisha sayansi na Kiswahili, nina mtoto mchanga anayeota meno, na hata barua hii naiandika nimempakata, ukiona mstari umekwenda kombo ujue kalamu ilivutwa. Sikusoma sana, nilimaliza chuo cha ualimu nikaingia kazini moja kwa moja, na yale niliyoyaona kwa walimu walionifundisha mimi ndiyo ninayoyafanya. Mojawapo ni hili la kuwaachia watoto mwisho wa neno, nadhani unalijua, hakuna aliyekaa darasani asiyelijua. Mwalimu anasema, "Mimea hufyonza maji kwa kutumia mizi…" na darasa zima linaitikia "ziii!" Anasema, "Tumeele…" wanasema "waaa!" Linachangamsha, linawaamsha wa nyuma, na kwa mtu ambaye hajalala linasaidia sana, kwa sababu nusu ya kuongea wanakuongelea wao.

Sasa nina binti mmoja, wenzake wamempa jina la Kiambishi tangu nilipowafundisha viambishi, kwa sababu kazi yake ni kujibandika mwishoni mwa maneno ya watu. Nikisema, "Moyo kazi yake ni kusukuma da…" wenzake wanasema "muuu," yeye anasema "da!" na moyo unakuwa unasukuma dada. Nikisema majani hutengeneza chakula kwa mwanga wa ju…, yeye anadaka, "zi! Maana jana umeme ulikatika." Nikisema, "Mapafu hutusaidia kupu…" wenzake "mua," yeye "mzika." Nikichoka na kelele nikasema, "Kaeni ki…" wote "myaaa," yeye "tini," tena anakaa kitini kweli, mikono juu ya dawati, macho mbele, mpole kabisa, utamkamata kwa kosa gani?

Mwanzoni nilicheka, sitakudanganya, ile ya dada ilinivunja mbavu ikabidi nigeukie ubao nijifanye nafuta. Lakini ikawa kila siku, kila kipindi, darasa likawa halinisubiri tena mimi linamsubiri yeye, na wengine wakaanza kushindana naye, na siku moja nasahihisha jaribio nikakuta mtoto ameandika kwa nia safi kabisa kwamba mapafu hutusaidia kupumzika. Nililia, mshauri, sijui kama nililia kwa jibu au kwa sababu mapafu yangu hayajawahi kunisaidia hivyo.

Nimejaribu. Nilimhamishia mbele, ikawa yuko karibu zaidi na mdomo wangu. Nikamrudisha nyuma, akapaza sauti. Nikamfanya kiranja wa usafi nikidhani cheo kitamtuliza, akawa anatangaza zamu za kufagia kwa maneno nusu nusu na wenzake wanamalizia. Nikamwambia, "Ukirudia utaona," na kweli akarudia, na hakuona kitu, kwa sababu mwenyewe sikujua nitamwonyesha nini. Nilifikiri labda kuna tatizo nyumbani kwao, nikaulizia, hakuna, baba ni seremala, mama yupo, wanakula, wanacheka, mtoto ndivyo alivyo.

Mwalimu wa hesabu ananiambia, "Dada, wewe unambembeleza. Huyo dawa yake ni fimbo, asubuhi na jioni, kama dozi."

"Fimbo siwezi na sitaki," nikamwambia.

"Basi atakumalizia maneno mpaka akumalizie na jina."

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto wangu alikuwa ameamka na joto, nikamwacha kwa jirani huku roho iko juu, nikafika na blauzi ina doa la maziwa begani ambalo nililiona nikiwa tayari nimeshasimama mbele ya watu, na baada ya mapumziko nikaingia darasani nikakuta kelele kama soko limeshika moto. Sikuwagombeza. Nikasema taratibu tu, kama mtu anayeongea na nduguze, "Jamani, leo naomba mnihurumie, mwalimu wenu nimecho…"

Nikaachia hapo. Wala sikukusudia kuachia, ni mazoea, mdomo wangu siku hizi unajikatia wenyewe. Darasa likavuta pumzi liseme "ka." Kiambishi akawahi.

"Sha!"

Nimechosha. Mwalimu wenu nimechosha. Kwanza walinyamaza, kama mtu aliyejikwaa anavyonyamaza kabla ya kuanguka, halafu likaanguka lote, vicheko, madawati yanapigwa, hata kiranja mkuu ambaye huwa hacheki aliweka uso juu ya daftari mabega yanamtikisika. Na mimi, mshauri, maneno yaliyotoka sikuyachagua. Nikasema, "Toka. Toka nje, na usirudi darasani kwangu mpaka nizikwe."

Kiambishi akasimama, akaniangalia, akauliza, "Mwalimu, vitabu nibebe au niache?" Nikaona bado ananichezea. Nikamjibu, "Beba, na kivuli chako ubebe."

Sikuishia hapo. Nilikwenda ofisi ya walimu na hasira zangu mkononi, nikasema mbele ya kila mtu, "Mwalimu mkuu, mimi au yeye, chagua." Mwalimu mkuu wetu ni mtu asiye na maneno mengi, aliinua macho akasema, "Umesema mwenyewe, mwalimu," akaagiza mtoto akae nyumbani mpaka Ijumaa na mzazi aitwe. Baadaye ndipo akanieleza, bila kunikaripia wala nini, kwamba katikati ya muhula hakuna shule itakayompokea, kwa hiyo akitoka kwetu atakaa nyumbani hadi mwakani, arudie darasa akiwa na watoto wadogo zake. Nikasema, "Ndiyo, mwalimu mkuu," nikaenda chooni kukaa tu.

Jumatatu nikamkuta baba yake getini ananisubiri, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi. "Mwalimu," akasema, "nasikia binti yangu kakutukana."

"Hakunitukana hasa, baba."

"Kasema nini?"

Nikamwambia. Nikaona mdomo wake unataka kucheka akaukaza. "Na nyumbani ndivyo alivyo," akasema. "Mama yake kaacha hata kumtuma, maana hajamaliza kusema anataka nini, keshaletewa kitu kingine." Halafu akajifuta nyusi. "Lakini akikosa shule, mwalimu wangu, mimi sina la kumpa. Nitampa msasa asugue mbao. Ana mkono mzuri, atajua. Tatizo ni kwamba atajua." Akawa kama anainama, "Kama ni kuomba radhi, nionyeshe nipige magoti wapi," ikabidi nimshike mkono, nikamwambia, "Usifanye hivyo baba, usinitie aibu, tutaonana Ijumaa," nikaingia ndani karibu nikimbie.

Sasa nikueleze linaloniumiza kuliko yote. Tangu aondoke nafundisha kwa amani, na amani hiyo naipenda. Nasema, wanaitikia, tunaendelea, nafika nyumbani na sauti bado ninayo, namwimbia mwanangu. Lakini juzi nilisema, "Chumvi ikiwekwa kwenye maji huye…" wakaitikia "yuka," kwa sauti ya watu waliotoka kuzika, na mimi nikabaki nimesimama na chaki, nasubiri. Nikajiuliza nasubiri nini, na jibu nikalijua, na sikulipenda.

Mwalimu wa hesabu anasema nikirudi nyuma sasa watanipanda kichwani mpaka wa darasa la kwanza. Baba wa mwanangu anasema, "Mama, kazi ni kazi, aliyekudharau aende." Nikimrudisha nitakuwa mwalimu asiye na neno, na nikimwacha mtoto wa watu atasugua mbao mwaka mzima kwa ajili ya silabi moja, na mimi ni mama, najua mtoto anavyokua ukimpa kisogo, na tena nimechoka, hili nalo uliandike, nimechoka sana. Ijumaa nikiulizwa nitasema…

Ni mimi, mwalimu wa darasa la sita.

*

Mwalimu, pole. Unalea mtoto wa meno nyumbani na darasa zima kazini, kwa mwili huo huo mmoja, na bado ulipata nguvu ya kukataa fimbo. Asiyejua kazi hiyo anadhani mwalimu anaongea tu. Anaongea, ndiyo, na yeye aende akajaribu.

Pole imetosha, sasa tuongee.

Nimesoma barua yako mpaka mwisho nikakuta mwisho haupo. Umeandika "nikiulizwa nitasema," ukaweka nukta tatu, ukajitaja, ukaniachia. Umenifanyia mimi mtu mzima kile kile unachowafanyia wanafunzi wako. Na unajua nilifanya nini? Nilimalizia. Kichwani mwangu, kabla sijajizuia, nikaweka la kwangu, tena la utani. Ukimwachia mtu neno nusu, atalimaliza anavyotaka yeye. Huyo binti umemwachia mlango wazi kutwa nzima, kisha unashangaa kwamba ameingia na viatu.

Usinielewe vibaya. Alichosema siku ile ni utovu wa adabu. Ulikuwa umeomba huruma, na mtoto wa darasa la sita anajua mtu anapoomba huruma. Kwa hilo unamdai radhi, na ataitoa kwa mdomo wake, si kwa magoti ya baba yake. Baba wa watu mwache na heshima yake.

Lakini na wewe ulimwambia mtoto asirudi mpaka uzikwe. Mdogo wangu! Kosa lake lilikuwa la silabi moja, jibu lako likawa la maisha. Na pale alipokuuliza abebe vitabu au aviache, ulidhani ni jeuri. Soma tena ulivyoniandikia. Hakucheka, hakumalizia neno la mtu, aliuliza swali kamili kutoka mwanzo hadi mwisho, labda la kwanza mwaka huu. Alikuwa anauliza kama atarudi. Wewe ukamjibu kuhusu kivuli.

Kuna mwingine ambaye umempita haraka mno, yule aliyeandika kwamba mapafu hutusaidia kupumzika. Huyo ndiye wa kukukosesha usingizi. Kiambishi anajua jibu, asingeweza kulikwepa kila siku kwa ustadi ule kama halijui. Yule mwingine alikuwa akiitikia "mua" pamoja na wenzake kila siku, wewe ukifurahi kwamba darasa limeelewa, kumbe anafuata sauti tu. Kuitikia silabi ya mwisho kunaonyesha masikio yanafanya kazi, basi. Kwa hiyo kelele za Kiambishi zimekusaidia kuona kitu ambacho kuitikia kwa pamoja kungekificha, na amani unayoipenda sasa hivi inakificha tena.

Basi kuanzia kesho maliza maneno yako. Najua ni mazoea na najua yanakupumzisha, lakini unalipia. Badala ya "moyo husukuma da," uliza, "Moyo hufanya kazi gani?" Kisha nyamaza. Nyamaza mpaka uone aibu, ndipo umtaje mmoja kwa jina, na umtaje wa nyuma kabla ya anayenyoosha mkono. Swali kamili halina pa kubandika kitu. Atatafuta upenyo, hatakosa, lakini ataufanyia kazi.

Akirudia, na atarudia, maana hata wewe mdomo wako haujazoea, usimjibu kutoka mbele. Ukimjibu kutoka mbele umempa jukwaa na umekaa kiti cha mtazamaji. Endelea na somo, tembea mpaka dawatini kwake, inama, useme kwa sauti ambayo jirani yake hasikii: "Hiyo ya kwanza. Ya pili utabaki na mimi mapumziko." Rudi ubaoni bila kusubiri jibu. Ikija ya pili, abaki kweli, siku hiyo hiyo, akueleze somo lote kwa sentensi kamili wakati wewe unakula chakula chako. Umalize chakula, tafadhali. Na lile neno "utaona" lifute kabisa. Mwambie tu kile unachoweza kukifanya kabla kengele ya mwisho haijalia. Mtoto akishakuona unatishia hewa, anakuwa anakupima kila siku kuona hewa imebaki kiasi gani.

Akitulia, mpe nafasi ya halali. Wewe si unafundisha Kiswahili? Mwite ubaoni akaandike "choka" na "chosha" aeleze darasa silabi ile inabadilisha nini, nani anapata uchovu na nani anauleta. Ataeleza vizuri kuliko kitabu, na akiwa anaeleza atajua alichokufanyia siku ile bila wewe kumhubiria.

Hilo la kupandwa kichwani. Mwalimu wa hesabu anasema kweli kidogo, watakupanda ukirudi nyuma kwa kunyata, mtoto akaonekana tu asubuhi moja kwenye dawati lake na wewe unajifanya hukumbuki. Usinyate. Siku atakayorudi simameni wote wawili mbele ya darasa. Yeye aseme, "Mwalimu, nilikudharau, naomba radhi." Wewe useme, "Na mimi nilisema neno kubwa kuliko kosa, nalirudisha." Usiongeze hotuba. Fungua kitabu mwendelee. Mwalimu anayelirudisha neno lake hadharani ana neno, hivyo hofu hiyo iweke chini.

Na baba wa mwanao, mweleze kwamba "kazi ni kazi" ianzie hapo nyumbani. Akiwa hayuko kazini ampakate mwanawe, wewe ulale mchana mlango umefungwa. Sikwambii hili kwa kukupaka mafuta. Uchovu ndio uliokwenda ofisini kusema "mimi au yeye," na usipoutibu utasema lingine kubwa zaidi, kwa mtoto mwingine, pengine kwa wa kwako.

Sasa Ijumaa. Usisubiri kuulizwa. Alhamisi asubuhi mwone mwalimu mkuu peke yake, umwambie ulisema kwa hasira na unataka kuliondoa neno hilo mwenyewe, asije akalisikia kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni. Mtu wa maneno machache huwa anawapenda watu wanaowahi. Akikwambia, "Lakini ulisema wewe au yeye," mjibu, "Sasa nasema wote wawili," na ubaki hapo hapo. Utataka kujieleza, kutaja joto la mtoto, doa la blauzi, vicheko. Acha. Atakuwa ameshaelewa, na ukiendelea utaanza kuomba badala ya kusema.

Halafu ofisini, Ijumaa, mwangalie binti kabla ya baba. Kama macho yake yako chini usimwambie ayainue, naye amekuwa na wiki ndefu. Mpe masharti yako kwa upole lakini yote, la dawatini, la mapumziko, la kuomba radhi, na umuulize kama ameelewa, kisha umngoje ajibu mwenyewe hata kama atachukua muda na mwalimu mkuu anaangalia saa. Na yule seremala amefunga karakana yake kuja kukusikiliza wewe. Asirudi kwenye mbao zake akiwa hajui binti yake anaanza lini. Mtajie siku.